Namba Tatu Zilikuwa Mbili

Jumatano, jioni. Mvua imeinyeshea Tukuyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani. Nimekunywa chai vikombe vitatu, mikono bado ya baridi.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Pale hospitalini nasimamia skrini tano za kuitia wagonjwa. Zimeungwa kwa kebo, ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, hadi ya mwisho iliyoko kibaraza cha nyuma. Kila moja ina namba yake. Naandika amri na namba ya skrini kwenye kompyuta, yenye namba hiyo inatii na kunijibu OK. Huwa natamba kwamba skrini zangu zina adabu kuliko watumishi.

Wiki iliyopita ile ya kibarazani, namba tano, iliungua. Nikafunga nyingine kutoka stoo, nayo ilikuwa na namba tatu, sawa na ya dirisha la dawa. Nikasema nitaibadilisha nikishakula. Sikuibadilisha.

Leo saa nne niligandisha picha zote nirekebishe orodha, kisha nikaziachia moja moja. Namba tatu ikajibu OK. Namba tano kimya. Nikakumbuka bado inaitwa tatu, nikajisemea basi imesikia pamoja na mwenzake.

Haikusikia. Kebo yake ilikuwa inacheza. Ikabaki imeganda kwenye 45.

Chini yake alikaa bibi mmoja wa Nkunga, peke yake, amejifunika kitenge. Namba yake 46. Wengine walikuwa ukumbini, wakisoma skrini zisizoganda. Nilipopita akaniuliza, "Mwanangu, kanamba kangu bado?"

Nikatazama juu. "Bado, bibi. Subiri, itakuita."

"Ndaga, mwanangu."

Alinishukuru.

Saa nane alianguka pale pale kwenye benchi. Gari limempeleka Mbeya akiwa hajitambui, na hadi sasa hatujapata habari zake. Sista Anna, anayeita namba kupitia skrini hizo, ametakiwa kesho saa mbili ajieleze kwa maandishi kwa nini alimruka mgonjwa. Alilia mbele yetu sote. "Nilimwita mara tatu!" Mimi nikasubiri watawanyike.

Walipotawanyika nilikaza ile kebo, nikauliza: namba tatu, upo? Zikajibu mbili kwa mpigo, herufi zikagongana, likatoka neno lisilosomeka, si ile OK safi ya asubuhi. Nikaipa ya kibarazani namba tano. Ilichukua sekunde chache.

Sasa hakuna atakayejua. Nilipumua kwa raha, na raha hiyo ndiyo inayonitisha kuliko yote.

Mwoga wa namna hii nimekuwa lini?

Nikiwa naandika haya, ujumbe wa Sista Anna umeingia: "Kaka, kesho nisemee jamani. Wewe ndiye unayezijua hizo skrini."

Kisha nimemjibu neno moja.

OK.