Shati Lenye Ndege

Kariakoo, Dar es Salaam,
3 Agosti 2024.

Mpendwa dada Euphrasia,

Leo ni miaka sita tangu nitoke Masasi. Shikamoo dada. Miguu yako inaendeleaje? Mama anakula vizuri? Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa magunia. Naandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu ya jirani.

Nimemwona mwanao Ritha. Amenawiri. Alikuja Mtaa wa Kongo na wanafunzi wenzake, wanatengeneza filamu ya chuo. Kazi yake ni kuchagua mavazi, nguo imtambulishe mtu kabla hajafungua mdomo.

Walikuwa wanamtafutia nguo mlevi aliyekataliwa na ndugu zake. Mwigizaji wao, kijana wa Upanga aitwaye Jovin, alijaribu mashati ya mitumba, lakini kila alilovaa alionekana kama karani wa benki. Nikatua gunia, nikasogea. Unajua kwetu mjomba ni nani kwa mtoto, hata posa haipokelewi bila yeye. Nikangoja shikamoo.

Ritha akanitazama kuanzia ndala hadi kifuani, akawaambia wenzake, "Hilo shati la huyu mzee. Jovin akilivaa hana haja ya kusema neno."

Dada, ni lile ulilonishonea kwa kitenge kilichobaki kwenye gauni lake la kipaimara. Ndege wale wale. Hawezi kuwa amelisahau.

Wabeba mizigo wenzangu walicheka sana. Mmoja akasema, "Vua mzee Beno, ushakuwa staa." Nikavua palepale, nikabaki kifua wazi sokoni. Nikampa Ritha mkononi, nikamwambia, "Shikamoo umeninyima, shati chukua. Mama yako ndiye aliyelishona."

Jovin akamuuliza kama ananifahamu. Akajibu, "Hawa wa Kariakoo wana vituko." Halafu Ritha akaushika mfuko wa shati uliouwekea mshono mara mbili, akauchana, mlevi aonekane vizuri.

Sikuombi umgombeze. Ila siku wachumba wakija kupiga hodi, wasinitafute mimi. Waambie binti hana mjomba, mwenyewe alishasema mbele ya watu.

Nisalimie mama, shemeji Anselmi na Severa. Mungu awape afya na mvua ya kutosha.

Mimi nitarudi Oktoba, korosho zikianza kuanguka. Nitakuja na shati la dukani. Usinishonee jingine.

Mdogo wako, ninayekupenda bado,
Beno