Ukumbi Usio na Milango

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Ukungu umeng'ang'ania dirishani tangu alfajiri. Nimepanda kiwandani kwa bodaboda, vidole vimekufa ganzi, nikamkuta Fundi Elia anapiga randa meza ya mwisho. Meza ndefu, za mbao zilezile ambazo zamani majani ya chai yalitandazwa juu yake yanyauke. Nimepitisha kiganja. Laini. Nimefurahi kama mtoto.

Ukumbi huu wa juu ni mkubwa kuliko msikiti wetu. Madirisha pande zote mbili, bati jipya, sakafu ya mbao. Katikati hakuna ukuta hata mmoja, na hilo ni wazo langu. Kiwanda cha chai kilifungwa miaka mingi, popo wakahamia. Sasa chama cha wakulima wa mboga kimekichukua kiwe ofisi, na mchoraji ni mimi. Watakaa wote humu: wazee wa chama, Neema na vijana wake wanaowapelekea wakulima bei za soko kwa simu, na akina mama wa jibini kutoka Kwai. Mkulima akija na shida ya nyanya amwone mtu wa bei na mtu wa magari papo hapo. Asizungushwe mlango hadi mlango.

Mwenyekiti wa chama ni baba mdogo, Mzee Hoza. Wanasema nimepewa kazi kwa sababu yake. Waseme. Ni kazi ya kwanza yenye jina langu peke yangu, na nitawaziba midomo nayo.

Kesho tunaujaribu ukumbi, watu wote ndani.

Jumanne, 10 Juni

Aibu tupu.

Wazee walitangulia, wakakaa. Akaingia Neema. Shikamoo meza ya kwanza. Marahaba, mama hajambo? Viazi vimeshikaje? Ng'ombe je? Huwezi kumkatisha mzee. Akahamia wa pili, yaleyale, kisha wa tatu. Nyuma yake vijana wake wamepanga foleni, kompyuta kwapani. Halafu wakafika akina mama wa Kwai na salamu zao za "onga mshi", wakaanzia mlangoni mpaka dirisha la mwisho, wakarudi na upande wa pili. Kila aliyeingia aliwaona wote, na kwa kuwa aliwaona wote ilibidi awasalimie wote. Waliokwisha kukaa walisimama tena. Adhuhuri ikaingia hakuna aliyefanya kitu.

Mimi mzaliwa wa hapahapa. Niliwahi kufinywa sikio kwa kumpita jirani bila shikamoo. Na bado nimechora ukumbi kana kwamba watu huingia kazini wakiwa mabubu. Nilichora viti, mwanga na nyaya. Salamu sikuzifikiria hata kidogo. Nimejichukia.

Baba mdogo alisimama mbele ya wote. "Mwanangu, kazi nzuri. Lakini hapa si ofisini, hapa ni msibani. Tuwekee vyumba."

Walicheka. Nami nikacheka, meno tu.

Najua vyumba maana yake. Wazee watachukua upande wa madirisha, korido itameza katikati, kina Neema na akina mama wa jibini watakosa pa kukaa. Ukumbi utakufa. Kamati inaamua Ijumaa ya wiki ijayo.

Alhamisi, 12 Juni

Plaiwudi ya kuta imeshushwa. Kamati haijaamua, baba mdogo ameshaagiza. Mtu amechora mistari ya chaki juu ya sakafu yangu, hapa ukuta, hapa mlango. Nimeiangalia nikahisi mtu ananichora usoni.

Baba mdogo aliniuliza kama vipimo viko sawa. Nimesema, "Sawa, baba." Ningesema nini? Wajumbe walikuwa wamesimama pale. Mtoto habishani na baba yake mbele za watu. Nikatoka, nikaenda nyuma ya bomba la moshi nikapiga teke pipa tupu. Kidole gumba kimevimba.

Neema kaniuliza kama watafute mahali pengine. Nimemwambia asubiri. Sijui asubiri nini.

Ijumaa, 13 Juni

Leo msikitini, kwenye ngazi za upande wa wanawake. Tumeshikana mikono, tumeulizana habari za watoto, za wagonjwa, za mvua. Kelele kweli. Kisha tukavua viatu, tukaingia, tukakaa. Aliyechelewa akapenya akakaa pembeni. Hakuzunguka kusalimia na hakuna aliyemnunia.

Nilikaa nikiwaza salamu badala ya kusikiliza hotuba. Mungu anisamehe.

Baadaye nimempigia Elia, yeye ni Mlutheri. Akacheka. "Hata kanisani kwetu. Ukishaingia ni kukaa. Salamu zote zipo nje, ndiyo maana ibada inachelewa."

Ukumbi hauna kosa. Umekosa nje, mahali pa kusalimiana kabla ya kuingia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata mahali penyewe. Chini ya ngazi kuna chumba walichopokelea majani yakitoka shambani, wakayapima, ndipo yakapandishwa juu. Hakuna atakayefika ukumbini bila kupita hapo. Nilikuwa nimekiandika stoo. Stoo! Mahali pa kwanza mtu anapokanyaga nimepanga kuweka mafagio.

Jiko la kuni kwenye kona, bomba lake litokee ukutani. Mabenchi kuzunguka. Viti vya mgongo, vya kuegemea, karibu na moto, vya wazee. Chai asubuhi, chai tena saa nne, hapohapo, ili aliyechelewa apate salamu zake zote kwa mkupuo. Salamu chini, kazi juu.

Tumepiga misumari mchana kutwa. Elia anataka mabenchi ya chini, eti yanapendeza. Nimemwambia magoti ya wazee hayajali kupendeza. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nimeshinda mimi.

Nina furaha, na nina hofu. Msichana ataanzaje kuwaambia wazee wasalimiwe wapi? Nikilisema hili kwenye kikao nimekwisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda nyumbani kwake jioni. Kwanza jikoni kwa mama mdogo, nikamenya naye viazi na kumweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaenda kumwambia mumewe kwamba binti yake ana neno. Ndipo nikaingia.

Sikutaja vyumba. Nimesema, "Baba, nimekosea."

"Wapi?"

"Nimewaacha wazee wasalimiwe juujuu, katikati ya makaratasi, kama watu wa kupitiwa njiani. Nimewatengenezea mahali pao pa kupokea salamu. Naomba mpaone kabla fundi hajasimamisha kuta."

Alikunywa chai yake polepole. Kila nililosema lilikuwa kweli, ndiyo maana niliweza kumtazama.

"Kuna moto?"

"Upo, baba."

"Alhamisi nitakuja na wenzangu."

Alhamisi, 19 Juni

Niandike upesi kabla sijalala na furaha hii.

Baridi ilinisaidia. Wazee waliingia wanatetemeka, wakauona moto, hawakuuliza kitu. Wakakaa viti vya mgongo, makoti wazi, miguu mbele. Vijana wakaingia mmoja mmoja, wakainama, shikamoo, marahaba. Viazi, ng'ombe, mama hajambo, yote yakasemwa bila haraka. Baba mdogo alikaa katikati kama bwana harusi. Chai ikazunguka. Akina mama wa Kwai wakaleta maziwa. Kisha mmoja akainuka, akapanda ngazi, wengine wakafuata.

Juu, kimya. Kimya cha watu wanaofanya kazi. Nilisimama pembeni siamini.

Kisha Neema, aliyekuwa amebaki chini akisuuza vikombe, akapanda. Akapita kati ya meza za wazee bila kusimama. Mjumbe mmoja, mzee mkali, akainua kichwa akamtazama. Akaendelea kumtazama. Neema akaganda na mimi nikaganda. Niliona kazi yangu yote inabomoka hapo.

Baba mdogo hakuacha kuandika. "Si umekunywa naye chai sasa hivi? Mwache mtoto apite."

Mzee akaguna. Halafu akacheka. Neema akapita.

Kabla ya chai ya saa nne akaja mkulima wa Rangwi, nyanya zimeiva na gari la kuzibeba halikuja. Alisalimia chini, akapanda. Neema akamtajia bei, meza ya pili wakampatia gari, meza ya tatu wakapiga simu Tanga kwa mnunuzi. Mwenye bodaboda aliyemleta alikuwa bado anamsubiri nje.

Baba mdogo aliyaona yote. Akainamia karatasi zake tena. Nami sikumuuliza.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeshinda. Ngoja niliandike tena: nimeshinda.

Kamati imekaa chini, kando ya jiko. Nilibaki kwenye ngazi, sikualikwa ndani. Baba mdogo alizungumza kidogo tu. Kwamba yeye ndiye aliyetaka vyumba, na sasa havitaki. Kwamba chumbani angefunga mlango na mkulima wa nyanya angebaki nje. Kisha akasema anayetaka kuta anyooshe mkono. Hakuna. Anayetaka ukumbi ubaki mzima. Mikono yote, hata wa yule mzee mkali. Neema na vijana wake wanabaki. Akina mama wa Kwai wanabaki.

Akaniita. "Zaina, mwanangu, wamekubali. Ila viti vya mgongo vinauma. Weka mito."

Nimesema nitaweka. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Tulipanda na Elia na ndoo ya maji kufuta chaki. Nikamnyang'anya kitambaa. Nimepiga magoti, nimefuta ukuta mmoja baada ya mwingine, milango yote, korido yote, mpaka mbao zikabaki mbao. Goti limechanika kwenye suruali. Sijali. Nimeimba kwa sauti, Elia kanikimbia.

Jumatatu, 23 Juni

Ukungu mpaka chini ya miti. Nimefika mapema na wengine. Nimesalimia, nimesalimiwa, nimekunywa chai.

Kisha nikapanda. Nina meza yangu humo sasa, karibu na dirisha la tatu. Neema alikuwa anasoma bei. Mama mmoja wa Kwai anahesabu oda kwa midomo. Baba mdogo ameinamia karatasi zake, miwani puani.

Nimepita mezani kwake. Hakuinua kichwa. Nami sikusimama.

Nimekaa, nikafungua kazi.