Albamu Isiyo na Fidla

Sandy Fork, Kentucky
3 Aprili 1997

Raylene mdogo wangu,

Hujambo huko Nashville? Sisi wazima, ila mguu wa shangazi Opal umevimba tena, na mimi nimevimba roho.

Albamu yako imefika. Niliita watu wote kibandani kwangu, pale ninapouza karanga za kuchemsha na matairi yaliyokwisha, nikatoa spika nje. Wimbo wa kwanza, ngoma za mashine. Wa pili, hizo hizo. Clovis wa gereji akaniuliza kama spika imeharibika. Nikamwambia spika nzima, aliyeharibika ni dada yangu.

Miaka kumi na tisa nimekupigia fidla ukiimba kantri, muziki wa huku kwetu. Nimelala kwenye gari, mto wangu mabuti yako. Leo unahamia muziki wa pop, na mimi habari nazipata kibandani sawa na Clovis.

Mwezi wa tano, Jumapili ya kusafisha makaburi, uje umwimbie Mama kama kila mwaka. Nyimbo za zamani. Watu nimeshawaambia.

Kaka yako,
Dewey


Nashville
20 Aprili

Kaka Dewey,

Salamu nyingi, na shangazi mpe pole. Afya ninayo, usingizi ndio sina.

Kweli nilikosa, ilikuwa nikwambie mwenyewe. Niliogopa mdomo wako. Lakini hilo neno la kuharibika ulirudishe ulikolitoa. Tangu nina miaka tisa naimba mlizonichagulia wewe na Baba. Hizi nimetunga mimi. Ule wa nne ni wa Mama, siku zile za hospitali. Uliusikiliza, au ulikuwa unatafuta fidla tu?

Nakuja makaburini. Nitaimba huo.

Mdogo wako,
Raylene


Sandy Fork
25 Aprili

Raylene,

Hali yako leo siiulizi. Mama tulimzika kwa fidla. Ukija na madude yako nitayachomeka kwenye jenereta ya Clovis yalipuke. Imba za zamani au baki huko huko.

Dewey


Sandy Fork
19 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Bado nina hasira, usije ukafurahi kuona barua.

Jana hukuja. Watu wakala kuku, wakala maharage, wakanitazama mimi. Nikawadanganya unaumwa koo. Mara shangazi Opal akasimama pale kaburini kwa Mama, akaanza wimbo wako wa nne. Wanawake wote wakaitikia. Wanaujua neno kwa neno, kumbe wanausikiliza kwenye redio za jikoni, wananificha.

Mimi fidla ninayo begani. Nikangoja pa kuingilia mpaka wimbo ukaisha. Nimerudi nyumbani, nimeuweka mara saba, sijapaona.

Na usiniambie ni kampuni ya rekodi iliyoitoa fidla, umesema umetunga mwenyewe. Mama ni wetu wawili, Raylene. Ulipokuwa unamtungia, mimi uliniweka wapi?

Nijibu.

Kaka yako,
Dewey