Maganda ya Barua za Baba

London, baridi imeanza

Mdogo wangu Mwanahawa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mwili wangu mzima. Roho ndiyo haitulii tangu nisome habari zako. Goti la Mama vipi? Nyumba katika kijiji kipya cha ujamaa mmeshaezeka, au bado mmejibanza kwa shemeji?

Sasa huyo mgeni wenu. Unasema Mzungu mpole, kala ugali na kisamvu hapo Kikole, kamwamkia Mama shikamoo, kisha kaomba bahasha kuukuu za Baba. "Barua kaeni nazo, nataka bahasha tu." Na Mama kaahidi kumpa akirudi baada ya Idd, maana aliyekula kwetu haondoki mikono mitupu. "Maganda hayo," kasema, "korosho tunabaki nayo."

Nani kamwelekeza huko kwetu Kilwa, hadi Kikole? Unajua kazi yangu: napanga kumbukumbu za chama cha wakusanya stempu. Humu mna rekodi za uchapaji wa stempu zetu, karatasi za majaribio, hata rangi zilizokataliwa. Bendera tumepandisha wenyewe, lakini stempu zetu zinachapwa huku na kufungiwa makabatini huku! Stempu wanazo tele. Wasichonacho ni bahasha iliyogongwa mhuri wa kupokelea wa posta ndogo kama yetu. Ipo droo imeandikwa "Kilwa". Tupu. Nikamwuliza mkuu wangu, Bwana Garrick, mtu pekee niliyemsimulia kasha la Mama lenye barua hizo. "Kilwa? Iko wapi hiyo?" Na mwandiko wa kwenye droo ni wake!

Lakini linaloniwasha zaidi ni hili. Zisome barua alizotuma Baba kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Ndani utamkuta "Mama Athumani" tu, kwa adabu ya waume wa kwetu kutotaja jina la mke. Juu ya bahasha, kwa kuwa posta haijui adabu hiyo, ndipo alipolazimika kuandika Zuhura binti Shomari. Mimi sikumsikia akilitamka jina hilo hata mara moja. Wewe je?

Mgeni akirudi mchinjieni kuku, mjazeni korosho za kubanika mfukoni. Bahasha asiziguse. Mama akibisha, kaa naye, weka kidole chini ya jina, umsomee.

Msalimie shemeji na mikorosho yake, na mjomba anayefundisha watoto Kurani chuoni. Mama mpe shikamoo yangu ukishamaliza kumsomea.

Kaka yako Athumani,
ninayetaka droo ile ibaki tupu.