Harufu ya Maandazi Kwenye Ovaroli Yako

Kaka Deo,

Nimekaa uani kwa mama, hapa Murukulazo, mgongo kwenye ukuta wa jiko, karatasi juu ya goti. Ningeweza kuja kaburini nikakueleza haya kwa mdomo, maana si mbali, ni pale tu kwenye migomba. Lakini pale kila mpita njia husimama kutoa pole, na akishatoa pole hubaki kusikiliza. Unajua sipendi masikio ya watu. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho walichotufundisha kuandika shuleni. Kihangaza chetu nakijua mdomoni tu.

Ulikuwa unaniita Afande Leti. Ulisema ningeweza kumhoji kuku kwa nini ametaga. Basi leo afande ana ripoti, na naomba uisikilize mpaka mwisho, hata pale itakapokuuma.

Ulipoondoka, pampu yako ya maji ilisimama. Wanawake wa kambi ya wakimbizi walikuwa wakiteremka na ndoo mpaka kwenye matope ya bondeni, wanachota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na watoto wakaanza kuharisha. Baadaye malori yakaanza kuleta maji, na barabara ikazidi kutimua vumbi jekundu mpaka majani ya migomba yetu hayaonekani kuwa ya kijani. Baba mdogo Gervasi aliichukua redio yako siku ya kumaliza matanga. Alisema anaitunza. Sijaisikia ikilia kwake hata mara moja, nami nina maoni yangu kuhusu hilo, lakini tuyaache.

Ninalotaka kukuambia lilianza na ovaroli.

Waliileta kutoka hospitali kwenye mfuko wa nailoni, imefungwa fundo. Mama hakutaka kuigusa mbele ya watu. Niliifungua mimi, nyuma ya jiko. Deo, nimefua ovaroli zako tangu ulipoanza kazi ya umeme. Naijua harufu ya dizeli ya jenereta, na naijua harufu ya yale mafuta ya swichi yako kubwa, ile nzito, kavu, isiyofanana na chakula chochote. Nilitegemea kuzikuta zote mbili. Nikakuta harufu ya maandazi. Nakuambia kweli, kitambaa kimeungua, damu yako iko kwenye kola, na kinanuka karai la mama ntilie pale Nyakanazi, asubuhi mabasi yakisimama.

Nililia, halafu nikaacha kulia, nikaanza kushuku.

Maana wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Unakumbuka ulivyonipeleka kwenye nyumba ya mashine, mara tu walipoileta ile swichi kutoka mgodi wa zamani uliofungwa? Ulinionyesha sanduku lile la chuma lenye mkono pembeni na kioo kidogo cha kuangalia mafuta yamefika wapi. Ukasema umeme haukubali kukatwa kwa hiari. Vyuma viwili vikiachana, unaruka katikati yao na kuwa mwali, na mwali huo ukiachiwa unakula chuma, unakula na mtu. Ndiyo maana vyuma vile vimezamishwa kwenye mafuta, ili mwali ukizaliwa umezwe hapo hapo. Lakini lazima yawe mafuta yake yenyewe, safi, yasiyo na hata tone la maji. Nilikuona ukiyachuja kwa kitambaa cheupe. Nilikuona ukivisugua vile vyuma kwa msasa mpaka vikang'aa. Ukashusha ule mkono mara moja, bila kusitasita, umesimama ubavuni, uso umeugeuza pembeni. "Kazi yangu, Leti," ulisema, "ni kuzima moto ambao haujawaka." Nilikucheka, nikakuambia hiyo ni kazi ya kulipwa bure.

Kwa hiyo, nilipoinusa ile ovaroli, nilijua. Mtu alikuwa ametoa mafuta ya swichi na kujaza ya kupikia ili kioo kionyeshe yamejaa. Asubuhi ile ya mvua bomba lilipopasuka kule mlimani, wakakupigia kelele ukate haraka, pampu ikiwa bado inavuta kwa nguvu zote, ukashusha mkono kama siku zote. Mwali haukumezwa. Kifuniko kikaruka na mafuta yanayowaka yakakufuata.

Na nilijua ni nani.

Bwana Sirivesta, mwenzako wa zamu. Ufunguo wa nyumba ya mashine mlikuwa nao ninyi wawili tu. Ni mkimbizi kutoka Burundi, kwa hiyo mafuta ya kupikia ya msaada alikuwa nayo nyumbani kwake. Na yale ya swichi yana soko, kila mtu anajua kwamba wapo wanaoyakaangia chipsi, kwa kuwa hayaishi upesi karaini. Alipokuja msibani niliiangalia mikono yake. Haikuwa na hata lengelenge. Nikajiuliza kwa nini siku ile ilikuwa zamu yako na si yake. Alileta mfuko wa maharage, akauweka mlangoni. Sikuyapika. Niliwamwagia kuku, nikakaa kuwatazama mpaka jioni. Kuku hawakufa. Nikaanza kuwashuku kuku.

Sikulisema jambo la harufu kwa mtu ila Baba mdogo, naye akalipeleka mbio kwa msimamizi wa maji, ambaye tayari alikuwa na mashaka yake. Sirivesta akachukuliwa. Yuko kituo cha polisi Ngara mpaka wamalize kuuliza, na maneno yanayozunguka ni kwamba wakimwona na hatia atarudishwa kwao ng'ambo, kule alikowazika ndugu zake wote kabla ya kukimbia. Mkewe alikuja hapa kwetu na mtoto mgongoni. Hakuomba kitu. Alimsalimia mama shikamoo, akakaa kidogo, akaondoka. Mimi nikashuku kwamba katumwa.

Nikaitwa kwa msimamizi kueleza nilichonusa. Baba mdogo akasema niseme vizuri, nisimung'unye maneno.

Siku moja kabla ya kwenda, niliingia chumbani kwako kufagia. Usinicheke, sikuingia kufagia tu, niliingia kupekua, maana nilitaka kuona kama Sirivesta aliwahi kukuachia kitu. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu vyako vya kanisani, kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia ya msaada. Lilikuwa karibu tupu. Pembeni yake mpira wa kunyonyea mafuta na kile kitambaa chako cheupe cha kuchujia.

Jikoni kwetu hayajawahi kuingia mafuta ya msaada. Mama anakataa, anasema yanampa kiungulia. Kwa hiyo nikajiuliza, mafuta haya kaka yangu alikuwa anayapeleka wapi.

Nikaenda chumbani kwa mama, nikachukua ile chupa yake ya mafuta ya kujipaka magotini iliyo dirishani, nikafungua kizibo na kuinusa. Nzito, kavu, isiyofanana na chakula chochote.

Kaka, mimi niliyewashuku hata kuku, chupa ile niliipita kila siku na sikuitilia shaka hata mara moja, kwa kuwa uliileta wewe.

Nakumbuka sasa. Zamani mama alikuwa anajipaka siagi ya ng'ombe magotini, kama bibi alivyofanya na mama yake bibi. Ukandaji ule wa asubuhi, mbele ya moto, ndio uliokuwa unamwinua. Kisha ikaja miaka hii. Ng'ombe wetu wakaibwa machungani, na siagi ikawa kitu cha kusimuliwa. Mama akaanza kutambaa kwenda chooni. Wewe ukarudi kutoka Nyakanazi, kucheka umecheka, ukasema madereva wa malori wanaapa kwamba mafuta ya umeme yanaondoa maumivu ya viungo, yana nguvu ya umeme ndani yake. Ukamletea kidogo kwenye chupa. Ukasema ni mabaki tu. Mama akasimama. Akaenda Misa kwa miguu yake. Nani angeuliza tena?

Mabaki ya wapi, Deo? Ile swichi haikuwa na mabaki. Uliyanyonya mle mle, kidogo leo, kidogo kesho, na kila ulipoyapunguza ukaongeza ya kopo, maana kuomba mapya kungeleta maswali. Ukajiambia ni machache, yatachanganyika. Mpaka siku moja mle ndani ya kupikia yalikuwa mengi kuliko yenyewe, na yamenyonya unyevu wa masika. Wewe! Wewe uliyekuwa unanifokea nikikaribia sanduku lile na mikono iliyolowa. Nilikukasirikia mpaka nikakitupa kile kitambaa ukutani. Bado nimekukasirikia. Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia na nikikulilia kwa pamoja, na sijui machozi haya ni ya lipi.

Sasa uone shida uliyoniachia. Nikinyamaza, Sirivesta anavushwa mpaka kwa kosa lako. Nikisema, Baba mdogo atalitangaza kabla sijafika nyumbani, na mama atasikia sokoni kwamba mwanawe ameungua kwa sababu ya magoti yake. Nilifikiri kusema nusu. Nilifikiri kuivunja chupa na kulifukia kopo. Ndiyo, nilifikiri hata hilo, na jembe nililitafuta.

Nikiwa nalitafuta nikaona kitu. Ile chupa nilikuwa nimeirudisha dirishani, na jua la mchana lilikuwa linapita ndani yake. Mafuta yalifika shingoni. Uliijaza wiki ile ile uliyokufa, nakumbuka, nilikushikia taa ya kuangalia isimwagike. Mama alikuwa akijipaka kila asubuhi. Toka tukuzike hajatumia hata tone.

Nilidhani ni msiba. Nilidhani hana hamu ya kupona. Niliingia nikamkuta amekaa kitandani, miguu ameinyoosha, anaikanda mikavu kwa viganja vitupu. Hakugeuka. Akaniuliza kama nimemaliza kufagia chumba chako. Nikasema nimemaliza. Akasema, kwa sauti ile ya kuulizia chumvi, "Na mimi niliinusa ile ovaroli, Letisia. Niliinusa kabla yako."

Alikuwa ameifungua kabla yangu, akaifunga tena fundo. Alijua siku ile ile mafuta ya swichi yako yalikokwenda. Amekaa nalo peke yake muda wote huu, anapokea pole, anawapa wageni pombe ya ndizi, na kumsikia Gervasi akimlaani Sirivesta uani kwake. Alisema alikuwa anangoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema alitaka kuona kama kuna njia ya kumwokoa yule mtu bila kukutaja wewe, na ameitafuta, na haipo.

Tulikwenda wote. Msimamizi aliniandalia kiti, mimi nikampa mama. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukaa mbele, amevaa koti. Kabla sijafungua mdomo mama aliitoa chupa kwenye kitenge, akaiweka mezani, akaanza kusema kwa Kiswahili chake kile cha sokoni.

"Mafuta ya mashine yenu ni haya. Deo arinipa mimi, nirijipaka magotini. Yure Mrundi mwachieni, hana kosa."

Baba mdogo aliangalia kofia yake. Mimi nikaliweka kopo karibu na chupa, nikawaeleza lilikokuwa. Nilisema jina lako lote, Deogratiasi, kama lilivyoandikwa msalabani. Nilisema vizuri, sikumung'unya.

Sirivesta ametoka. Hakurudi moja kwa moja kambini. Alipita hapa kwanza, amekonda, akatusalimia. Kopo lile ni yeye aliyekupa, kumbe. Ulimwambia ni la jiko la mama yako. Anasema angejua, angekunyang'anya kwa nguvu. Ninamwamini, na unajua hilo ni neno ambalo halinitoki kirahisi. Wameleta mafuta mapya na ameikosha swichi yote, amevisugua vyuma, na maji yamepanda tena mlimani. Nikikaa hapa upepo ukiwa mzuri nasikia jenereta.

Watu wetu wengine hawatusalimii. Sokoni mazungumzo hukatika nikifika. Wanaposema "mwizi wa mafuta" wanamaanisha wewe, nao hawasemi uongo. Hawasemi tu yote.

Pumzika, kaka. Sijamaliza kukukasirikia, lakini sitaki ulale ukidhani nitachoka kukupenda. Nakuahidi mambo mawili tu. Nitaendelea kushuku watu, ndivyo nilivyoumbwa, ila kuanzia sasa nitaanzia ndani ya nyumba, kwa wale ninaowapenda, ambao sikuwauliza walichokuwa wakikibeba. Na mama sitamwacha. Kila asubuhi namkanda mimi, kwa maji ya moto na mikono mitupu. Haisaidii sana. Leo nilimwambia kwamba Sirivesta amepata mtu kambini mwenye ng'ombe wa maziwa, tunaweza kupata siagi kidogo. Akaniondoa mikono magotini taratibu, akaifunika miguu yake kwa kitenge.

"Yaache yaume," akasema. "Ndiyo yaliyobaki ya Deo."

Dada yako,
Leti