Tofali la Sanduku la Saba

Jumatatu, 4 Agosti
Wengi wakiona jiwe jekundu lililookwa husema: tofali. Ndilo kosa lenyewe. Makaa ya mawe yakiwaka yenyewe chini ya kilima huoka mwamba wa juu yake, bila tanuri, bila mtu. Humo huzaliwa madini adimu. Leo, katika stoo ya mawe ya chuo, nimefungua sanduku la saba. Jiwe moja, ukubwa wa ngumi mbili. Upande mmoja umeiva, wa pili bado udongo wa matabaka. Nani huoka nusu tofali? Na ndani — punje za njano, ndogo kama ufuta! Miaka arobaini nafundisha mawe, sijaziona. Nimempelekea binti yangu kibanzi, kwenye maabara anakofanya kazi.

Jumanne, 5 Agosti
Kaja Mkuu mpya wa chuo. Anataka stoo iwe ofisi. Ijumaa mawe yote yakajaze dimbwi la getini.
"Shikamoo, Mwalimu. Ila tofali ni tofali, hata ukilisomesha."
"Marahaba. Hata wewe nilikusomesha."
Akacheka. Kisha akafungua daftari la stoo: *Sanduku 7 — tofali.* Mwandiko wangu! Wa ujanani, wa haraka. Masikio yalinichoma.

Jumatano, 6 Agosti
Nimelikata neno lile kwa wino mwekundu, nikatia sahihi. Nilikosea mimi, nasahihisha mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Binti kapiga simu. Baba, umekaa? Ni silikati, jamii ya madini ya mchanga, na haimo katika orodha yao yoyote! Kibanzi kimeishia kwenye vipimo. Wanataka jiwe zima. Atalifuata mwenyewe Jumatatu, na barua ya maabara. Lisiguse maji — punje zile hugeuka zikiloa. Nimemweleza Mkuu. Eti anatambua daftari la zamani, si wino wa jana. Kulibeba nyumbani? Hapana. Ni mali ya chuo, na mimi si mwizi.

Ijumaa, 8 Agosti
Mvua. Gari la wazi liko mlangoni. Wapagazi wamekwishatoa masanduku sita, yanaloa.
"Mzee, tupishe, tuna kazi."
"Hata mimi niko kazini."
Mmoja kaenda kumwita Mkuu. Nasikia viatu vyake koridoni — anakuja mbio. Naandikia magotini. Haya, Mwalimu, la leo ni moja tu: kalia sanduku la saba, usiinuke.