Betri za Akiba

Mwanangu Night,

Mimi mzima, na mchele wangu hapa soko la Custom unatoka. Mtaa wote wa Sherikat unajua ni wewe uliyefunga sola kwenye mapaa arobaini huko kwenu, ndiyo maana wapiganaji walipolipua jenereta kubwa ya hospitali, wodi ya wazazi haikuzima. Nawaringia wenzangu: "Bomu moja, jenereta kwisha. Mapaa ya Night wangu watayamaliza lini?"

Juzi mteja nisiyemjua akacheka nasi, akauliza betri za akiba za sola mnaziweka wapi. Mdomo wangu huu! Nikamjibu, kanisani. Aliondoka bila kununua hata kikombe cha mchele.

Simu yako haiingii, nimempa barua nahodha wa meli ya mizigo. Ukimaliza kusoma zihamishe betri, mama, nawe usilale karibu nazo. Usiniambie umezipeleka wapi.

Mimi mama yako, ninayekujivunia bado.